Kila Mtu na Begi Lake

Ukitaka kumkasirisha mwalimu wetu, mbebee mtoto begi. Mengine alisamehe. Ungechelewa mstarini, ungevunja kioo cha ofisi kwa mpira wa makaratasi, na kabla ya kengele ya uji angekuwa ameshasahau. Lakini mzazi akionekana njiani amebeba begi la mwanawe, na mtoto anatembea pembeni anatafuna muwa, alisimamishwa hapohapo. "Mama, leo anayekwenda kusoma ni nani, wewe au huyu?" Mama wa watu anacheka kwa aibu, analishusha, mtoto analivaa. Mwalimu haondoki mpaka aione mikanda imekaa sawasawa mabegani, ndipo anaaga kwa adabu na kuendelea na njia yake, mikono nyuma.

Hiyo mikono nyuma iweke akilini, nitairudia.

Alitufundisha jiografia pale Igamba, lakini sijakutana na mtu anayemkumbuka kwa jiografia. Anakumbukwa kwa safari. Kila mwaka kahawa ikishavunwa, darasa la sita lilitembea kwa miguu kutoka shuleni kwetu mpaka kwenye Kimondo, lile jiwe la chuma lililodondoka kutoka mbinguni likaamua kukaa Mbozi. Wageni hulifikia kwa gari, wakapiga picha, wakaondoka. Sisi tulilifikia baada ya kulala njiani kwenye darasa la shule ya watu, tumevuka barabara kuu huku malori yakitupigia honi, kila mtoto na begi lake mgongoni, na ndani ya begi vitu vyake vyote: blanketi, sahani, unga, nguo ya kubadili na kuni za kupikia. Tukifika, mwalimu alilipiga jiwe kofi na kusema, "Na huyu naye alikuja na mzigo wake peke yake." Waliotutangulia walikuwa wameshatusimulia utani huo nyumbani, na tulicheka vilevile.

Safari yenyewe ilikuwa fupi. Maandalizi ndiyo yaliyokula muhula mzima.

Yalianza na kushona. Begi la dukani hakulitaka, hata kama baba yako alikuwa na ng'ombe. Kila mtoto alileta mfuko wa salfeti, ule wa mbolea, uliooshwa, mpira wa ndani wa baiskeli uliochoka, na kipande cha khanga kuukuu. Tulikaa chini darasani na mashazia, zile sindano nene za magunia, naye akakaa chini pamoja nasi, uzi mdomoni, suruali yake ya kazi imejaa vumbi. Mpira ulikatwa ukawa mikanda, mikanda ikazungushiwa khanga ili isile bega. Kila mshono ulipitiwa mara ya pili. "Mshono mmoja ni ahadi," alikuwa akisema. "Ukirudia ndiyo begi." Alikuwa na mikono mizuri sana kwa kazi hiyo, vidole virefu, vyepesi, na alifurahi akishona mpaka akaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Ni haki niseme hilo, kwa sababu nina mengine ya kusema.

Kisha tulifundishwa kutembea. Watoto wa kijijini, tuliokuwa tukienda mashambani tangu tujue kusimama, tulipangwa foleni tukafundishwa kutembea! Wazazi walicheka mwanzoni. Wiki za kwanza mabegi yalikuwa matupu kabisa, tukapanda nayo kilima kilicho nyuma ya kanisa, tukashuka, tukapanda. Baadaye yaliingia magunzi. Baadaye mahindi yenyewe. Hakuruhusu mtu kukaa chini kwa kupumzika. Tulisimama, tukaegemeza begi kwenye ukingo wa njia, tukanywa maji kidogo, tukaendelea. "Ukikaa, begi linanenepa," alisema, na ukikaidi ukakaa, ulipoinuka ulikuta amesema kweli. Alitufundisha kuvaa soksi nje ndani ili mshono usile vidole. Alitufundisha kuweka blanketi chini na kitu kizito juu, karibu na mgongo, tena kula viazi siku ya kwanza na karanga siku ya mwisho, ili kila hatua begi lipungue. Leo ninauza mabegi ya shule hapa Tunduma, mtaa mmoja kutoka kwenye foleni ya malori, na kila mzazi anayenunua ninampa somo hilo bure, atake asitake. Hata wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambao huingia wakiuliza "Shinga?", yaani bei gani, kabla ya salamu, hawaondoki kabla sijamkaza mtoto mikanda.

Asubuhi ya safari aliyaonja mabegi. Kuonja ndilo neno lake. Alipita kwenye mstari, akaingiza kidole kimoja kwenye kitanzi cha kila begi na kulinyanyua polepole, macho yamefumbwa. "Mzigo ukikataa kidole, bega litalia njiani." Begi lililokataa lilifunguliwa mbele ya wote. Mwaka wetu alitoa ndani ya begi la mvulana mmoja jogoo mzima, hai, miguu imefungwa kwa kamba, ambaye bibi wa mvulana huyo alitaka afikishwe kwa shangazi Mlowo. Mwalimu alimfungua jogoo kamba, akamweka chini, akasema, "Huyu ana miguu yake mwenyewe." Bibi alikuja kumkamata kwenye bustani ya shule akitukana kwa Kinyiha, na safari ikaanza kwa vicheko.

Sheria iliyokuwa juu ya zote ni kwamba hakuna kubebeana. Ukichoka, sema, wote wasimame. Ukizidiwa, toa kitu, gawa, kula. Lakini begi lako usimpe mtu, na la mtu usilipokee. Na hapa hakubagua. Kwetu mvulana habebi sufuria. Atabeba panga, atabeba fimbo, atabeba redio ya baba yake kutoka kwa fundi, lakini sufuria na kuni ni vya dada zake. Mwalimu aliwatia wavulana sufuria kwenye mabegi na kuwapitisha katikati ya kijiji siku ya soko. Baba mmoja alikuja shuleni amevimba. "Mwalimu, mwanangu unamfanya msichana?" Mwalimu akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, mwanao anakula ugali. Sufuria ni la anayekula." Yule baba akaondoka.

Mimi ni binti pekee kati ya kaka wanne. Nilikuwa ninateka maji ya watu saba. Siku nilipomwona kaka yangu anayenifuata anapanda kile kilima na sufuria lenye masizi mgongoni, jasho linamtiririka, nilimpenda mwalimu kwa moyo wangu wote. Nilidhani Mungu ametuletea mtu.

Sasa niseme kuhusu kiti.

Tulikuwa majirani. Ua wetu na wao ulitenganishwa na mstari wa migomba tu, kwa hiyo mimi nilimwona mwalimu baada ya kengele ya mwisho, wakati wanafunzi wengine wameshaachana naye. Mkewe tulimwita Mama Mwalimu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, shingo ndefu, na sikumbuki kumwona kichwa kikiwa kitupu. Asubuhi ndoo ya maji. Mchana jembe na kikapu. Msimu wa kahawa, kikapu cha matunda mekundu mpaka kwenye mashine ya kumenyea. Jioni mzigo wa kuni, na juu ya kuni, majani ya mbuzi. Mwalimu alikuwa akitangulia mbele yake hatua kadhaa, mikono nyuma, au mkono mmoja na fimbo, akiwasalimia watu kwa majina. Na Jumapili, kwa sababu benchi za kanisa letu zilimuumiza mgongo, alikuwa na kiti chake cha mbao chenye kiegemeo. Kiti hicho kilikwenda kanisani kichwani mwa Mama Mwalimu. Miguu minne inatazama juu, Biblia na kitabu cha nyimbo vimelala katikati, mtoto mgongoni. Mwalimu mbele.

Usije ukafikiri alikuwa peke yake. Wanaume wote wa kwetu walitembea hivyo, baba yangu akiwemo. Wazee wana sababu yao: mwanaume hutangulia mikono mitupu ili akikutana na hatari awe tayari. Mwalimu alituambia sababu hiyo darasani kama sehemu ya mila zetu, uso mkavu. Nilimpelekea Mama Mwalimu habari hiyo jikoni kwake. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hatari gani, mwanangu? Chui wa mwisho huku alikufa kabla babu yangu hajaoa. Hatari iliyobaki ni mbwa wa mchungaji, na huyo Mwalimu anamwogopa kuliko mimi." Hata yeye alimwita Mwalimu.

Baba yangu simlaumu sana. Yeye hakuwahi kusimama kilimani akawaambia watoto kwamba kila mtu na begi lake. Mtu asiyejua, hajui. Mwalimu alijua, alikuwa akitufundisha sisi, na somo lake lilifika mpaka mlangoni mwake likavua viatu likabaki nje.

Mtu wa kwanza kuuliza nilikuwa mimi. Tulikuwa juu ya kilima, mazoezi ya mwisho, tumeegemeza mabegi. Chini kabisa njia ya bondeni ilionekana, na Mama Mwalimu alikuwa anapita na kuni zake, mdogo kwa mbali, akitembea kwa ile hatua ya mtu ambaye hawezi kugeuza kichwa. Wote tulimwona. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutukumbusha sheria.

"Mwalimu," nikasema, "na lile la Mama?"

"Lile lipi?"

"Lile begi lake. Si ungemsaidia? Au tuseme, lile ni lake mwenyewe kweli? Kuni si mnaota wote?"

Mwalimu hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alitabasamu vile anavyotabasamu mtoto akikosea jina la mto. "Wewe binti una akili," akasema. "Lakini sikiliza. Mke si mwanafunzi."

Wavulana wakacheka, wasichana wengine nao wakacheka, na tukateremka. Nilisikia mikanda inanibana njia nzima. Mpaka leo sijapata jibu la neno lile, na nimelitafuta miaka mingi.

Ukweli mwingine ni kwamba alimpenda mkewe. Watu wanaponisikia nikimsema hudhani ninamfanya mnyama. Hakuwahi kumpiga, na hilo peke yake kwa mtaa wetu lilikuwa la kutajwa. Hakunywa pombe. Mshahara ukitoka alimnunulia kitenge na hakumsimanga. Mama akiugua homa, mwalimu hakulala, alikaa kwenye kile kiti chake kando ya kitanda, akimpepea. Asubuhi homa ikishuka, Mama aliamka akaenda kuteka maji, kwa sababu ndoo zilikuwa tupu usiku kucha na hakuna aliyezigusa.

Nilikuwa sekondari Vwawa shingo ilipoanza kumsumbua Mama Mwalimu. Kwanza aliipaka dawa ya kuchua. Kisha vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi, akawa anaangusha vikombe. Mama yangu ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitali, na mwalimu akaenda naye, mbele. Daktari aliwaeleza wote wawili, wamekaa pamoja, kwamba mifupa ya shingo imekandamizwa, mishipa inabanwa, na kwamba asipoacha kubeba, mikono yote itapooza, na huenda isiishie kwenye mikono. Mama yangu alikuwepo mlangoni, alisikia kwa masikio yake.

Habari zilienea Igamba siku hiyohiyo. Nakumbuka nimerudi likizo, nikakuta wanawake wamekaa kwetu wanachambua maharage, na mama yangu anasema, "Sasa ndiyo tutamwona Mwalimu." Hakusema kwa ubaya. Walikuwa wanangoja kwa hamu kabisa. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wanangoja. Kama mwalimu wa kubeba angetoka na ndoo ya maji, hata begani, hata kwenye toroli, hata akaburuta, nani kati ya waume zao angebaki na kisingizio? Na zaidi ya yote, Mama Mwalimu angebaki na mikono yake.

Siku mbili tatu mwalimu hakuonekana nje. Kupitia kwenye migomba nilimwona barazani, amekaa chini, uzi mdomoni, shazia mkononi. Alikuwa anashona.

Alimshonea begi. Halikuwa kama yetu, hili lilikuwa kazi ya maisha yake. Salfeti mbili kwa pamoja, mshono uliorudiwa mara tatu. Mikanda mipana imejazwa sufi na kufunikwa kitambaa cha suruali yake mwenyewe ya Jumapili. Mkanda mwingine wa kiunoni, ambao sisi hatukuwahi kuuona, ili uzito ushuke kwenye nyonga. Kitanzi cha kuonjea. Alipomaliza alimwita mkewe uani, akamvalisha kwa mikono yake, akakaza mikanda, akamzungusha, akakaza tena. Kisha akamfundisha. Nimesimama nyuma ya migomba nikiwa na ndoo yangu, nikamsikia mwalimu akimwambia mkewe, mtu aliyebeba tangu akiwa na miaka mitano, namna ya kuegemea mbele kidogo kwenye mpando.

Mama yangu hakuvumilia. Alipita kwenye migomba bila kubisha hodi.

"Mwalimu, daktari si alisema asibebe?"

"Alisema asibebe kichwani."

"Alisema asibebe."

"Mama, nilikuwepo. Mzigo ukiwa mgongoni shingo inapumzika. Hii ni kanuni. Watoto wangapi nimewapeleka na kuwarudisha?"

"Na wewe Mwalimu? Wewe una shida gani ya shingo?"

Mwalimu alimtazama kwa mshangao wa kweli. Namjua, hakuwa anajifanya. Lile swali lilikuwa halijawahi kumpitia. Akasema, "Mimi?" Basi.

Jumapili iliyofuata mchungaji alilisema begi mimbarani kama mfano wa upendo wa ndoa. Mama Mwalimu alisimama, akageuka ili kanisa lione. Makofi yakapigwa. Kiti kilikuwa kimefungwa juu ya begi kwa kamba.

Nilimtembelea Mama Mwalimu likizo iliyofuata. Alikuwa amekaa jikoni, na maharage yanamponyoka vidoleni, yanaingia kwenye majivu. Nilikasirika mbele yake, nikasema maneno ambayo mtoto hamwambii mkubwa kuhusu mumewe. Aliniacha nimalize.

"Usiseme hanipendi," akasema. "Alishona mpaka vidole vikatoka damu. Nilivifunga mimi mwenyewe." Akaokota harage moja, likamponyoka. "Ila nilikuwa najiuliza kitu kimoja. Siku zote zile alizokaa barazani anashona, kuni alizokuwa anaota zililetwa na nani?"

Akacheka, nikashindwa kucheka naye.

Mkono wa kulia ulikufa kwanza, wa kushoto ukafuata. Kwa muda begi liliendelea kumsaidia, maana halihitaji mikono, na mwalimu alilisema hilo kwa fahari: mnaona, lingekuwa la kichwani angeshindwa. Binti yake mkubwa aliiacha ndoa yake kule Ihanda akarudi kumlisha mama kwa kijiko. Kisha miguu. Alifariki msimu wa mvua, njia zikiwa tope, na waombolezaji walifika wamebeba kuni na unga migongoni, kwenye mabegi ya salfeti, kwa sababu nusu ya kijiji walikuwa wanafunzi wake. Wasemaji walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema marehemu alikuwa hachoki. Hachoki! Mwalimu alikaa kwenye kiti chake akilia bila kuficha uso. Sikuuliza nani alikitoa kiti ndani.

Nilihamia Tunduma, nikafungua duka, nikawa na watoto wangu. Nilisikia tu kwa mbali kwamba Mwalimu amestaafu, binti yake amerudi kwa mumewe, anakaa peke yake.

Mwaka huu, mchana mmoja wa vumbi, bodaboda alisimama mbele ya duka langu, akashusha boksi lililofungwa kamba, na nyuma ya boksi akashuka mzee mrefu mwenye fimbo. Nilimjua kwa mikono. Alipomlipa kijana, aliirudisha nyuma yake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Wewe binti una akili," akasema, na nikajua hajanisahau.

Alikuwa amekuja kumsalimia mwanawe anayefanya kazi ya uwakala wa forodha mpakani. Sasa anarudi Igamba, amenunua sukari, chumvi, sabuni na mafuta, na stendi si mbali na pale. Aliangalia mabegi yangu yaliyoning'inia, akayapapasa mishono, akatikisa kichwa. "Mshono mmoja," akasema. "Ahadi tupu." Nilimpa soda. Tukazungumza habari za mvua na za bei ya kahawa. Mwisho nikampa pole ya Mama Mwalimu, ingawa nilikuwa nimeshampa siku ya msiba.

"Nyumba imekuwa kubwa," akasema. "Lakini lile begi lipo, nimelitundika. Unajua halijakatika hata uzi?"

Mtu amezikwa, begi limebaki zima, na yeye aliona la kusimulia ni uzi. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyatunza tangu kilimani. Lakini mzee akainua macho kwenye mabegi na kusema kwa sauti ndogo, "Nataka la kwangu. Mimi mwenyewe. Sijawahi kuvaa kitu hiki."

Sitaficha, moyo wangu uliruka. Nilisahau maneno yote. Nilichagua begi kubwa la kijani, imara, nikamfungulia boksi, nikapanga kama alivyonifundisha, sabuni chini, sukari juu karibu na mgongo. Nikaingiza kidole kwenye kitanzi, nikafumba macho, nikanyanyua. Lilikubali. Mwalimu alitabasamu. Nilimvalisha, nikakaza mikanda, nikamzungusha, nikakaza tena. Mabega yake yalikuwa laini, hayana hata alama. Nilikataa pesa yake. Nilitaka liwe zawadi yangu kwa Mama Mwalimu, limechelewa lakini limefika.

"Egemea mbele kidogo, Mwalimu."

"Najua," akasema, akatoka.

Nilisimama mlangoni nikimtazama. Alitembea kando ya malori, mzee na begi la kijani, vidole gumba kwenye mikanda kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Nilitamani mama yangu angekuwepo, na wale wanawake wa maharage wote. Kwenye kona, kabla hajafika hata kwenye kibanda cha chipsi, akasimama. Akavua mkanda mmoja, kisha wa pili. Akaliweka begi chini, akarudisha mikono nyuma, akatazama njia huku na huku. Hakuonekana amechoka. Alionekana kama mtu anayemngoja mwenzake ambaye amechelewa kidogo.

Hakungoja sana. Mwanamke mmoja alikuwa anavuka barabara, rika langu au chini kidogo, mtoto mgongoni, kapu mkononi. Alimwona, akapiga kelele ya furaha, akaja mbio, akapiga goti kwenye lile vumbi. "Shikamoo Mwalimu! Mwalimu wangu wa Kimondo!" Nilimsikia mpaka dukani. Alikuwa mmoja wetu. Naye pia alifundishwa kushona, na kuvaa soksi nje ndani, na kwamba la mtu usilipokee.

Bila kuambiwa, alikikunja kitenge chake akatengeneza ngata, akaliinua begi la kijani akalitua kichwani, mikanda ikamning'inia masikioni. Akalishika kwa mkono mmoja.

Mwalimu akatangulia.